Sura ya Saba: Kuitafuta Kadiri ya Kukazia Bolti

Injini ya lori iliyokwisha kufunguliwa yote, ikaoshwa kwa dizeli, ikachongwa silinda zake, ikasagwa krankshafti yake na kununuliwa pistoni, ringi na beringi mpya, haijawa injini bado. Ni rundo la vyuma vizuri lililotandazwa juu ya turubali, na kinachovigeuza vyuma hivyo vikawa mtambo mmoja wa kuaminiwa kupanda mlima Kitonga na shehena yake ni bolti, ambazo aghalabu ndizo zipewazo heshima ndogo kuliko kitu kingine chochote katika karakana. Mwenye gari huuliza bei ya pistoni, huuliza beringi zimetoka nchi gani, hubishania ujira wa fundi hata jua likatua. Lakini ni nadra kumsikia akiuliza bolti za konrodi zitakazwa kwa kadiri gani, na kadiri hiyo imepatikana wapi. Swali hilo la pili ndilo nililolikusudia katika sura hii, kwa kuwa naamini kwamba tarakimu iliyo sahihi kwa injini nyingine ni adui mkubwa wa injini iliyosukwa upya kuliko kipuri hafifu, maana kipuri hafifu hujulikana kwa macho na kwa kucha, ilhali tarakimu ya kuazima huvaa sura ile ile ya tarakimu ya haki.

Sharti tuanze na kazi yenyewe ya bolti, kwani asiyejua bolti inafanya nini hawezi kuona kwa nini kadiri yake itafutwe kwa taabu yote hii. Silinda yenye kipenyo cha milimita 100 ina uso wa sentimita za mraba 78 na nusu; mgandamizo wa gesi ukifika mara 100 ya ule wa hewa tunayoivuta, na katika dizeli zenye tabo hufika na kupita hapo, basi juu ya silinda hiyo moja silinda hedi husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 8, na injini ya mipigo minne izungukayo mara 2,000 kwa dakika huirudia sukuma hiyo mara 1,000 kwa dakika katika kila silinda. Bolti huikabili nguvu hiyo kwa kuwa imekwisha kuvutwa kabla injini haijawashwa. Spana inapokizungusha kichwa, hesi huuvuta mwili wa bolti, nao hurefuka kiasi kidogo mno, kama urefukavyo mpira wa manati, na kwa kutaka kuurudia urefu wake wa asili huvibana vyuma viwili vilivyomo baina ya kichwa na hesi. Maadamu mbano huo ni mkubwa kuliko sukuma ya gesi, bolti haihisi mabadiliko makubwa hata injini ipige mara ngapi. Lakini mbano ukiwa pungufu, bolti huvutwa na kuachiwa kwa kila mpigo, na chuma kinachovutwa na kuachiwa mara elfu nyingi huchoka, kikaota ufa usioonekana, kikakatika. Kwa hiyo bolti ya konrodi iliyolegea hukatika kama ile iliyozidishiwa, tena pengine kwa upesi zaidi, na fundi aiokotaye ndani ya sampo ikiwa vipande viwili huweza kudhani kuwa ilikazwa mno, kumbe ilikazwa kwa huruma.

Shida ni kwamba tunachokitaka ni mvuto, na tunachokipima ni mzunguko. Spana ya toki haioni bolti inarefuka kiasi gani. Inaona tu mkono unapambana na ugumu wa kiasi gani, na sehemu kubwa ya ugumu huo haihusiani na mvuto hata kidogo. Katika kila sehemu 10 za nguvu tunayoitia kwenye spana, kwa makadirio yanayokubaliwa na wahandisi, 5 huliwa na msuguano wa chini ya kichwa cha bolti, 4 huliwa na msuguano wa hesi, na moja tu ndiyo inayobaki ikaivuta bolti. Zingatia maana yake: msuguano ukipungua kidogo tu, kwa tone la mafuta au kwa washa mpya iliyo laini, ile sehemu moja hukua kwa kiasi kikubwa, na bolti ikavutwa kupita ilivyokusudiwa ilhali spana inaonyesha tarakimu ile ile.

Na tulione jambo hili kwa hesabu. Chukua bolti ya milimita 12, ya daraja la 8.8, yenye hesi ya hatua ya milimita 1.75, ambayo ni bolti ya kawaida kabisa katika lori. Ikiwa kavu, kadiri ya nyutoni-mita 90 huivuta kwa nguvu ya nyutoni 38,000 hivi, yaani karibu tani 4, na hizo ni robo tatu za mvuto inaoweza kuustahimili bila kupotewa na umbo lake. Sasa ipake oili kwenye hesi na chini ya kichwa, kisha ikaze kwa nyutoni-mita zile zile 90: msuguano ukishuka kwa robo moja tu, mvuto unapanda hadi kukaribia nyutoni 50,000, na bolti imefika ukingoni, haina tena akiba ya kukabili joto wala mpigo wa kwanza wa injini. Mkono haukutofautisha, wala spana haikutofautisha. Kilichotofautiana ni oili. Kwa sababu hiyo kila kadiri iliyoandikwa kitabuni ni nusu ya kauli, na nusu ya pili ni hali ambayo bolti imo: kavu, yenye oili ya injini, yenye grisi maalumu, au yenye gundi ya kuzuia maji. Mtu akikutajia tarakimu bila ya kukutajia hali hiyo, bado hajakutajia kitu.

Basi kadiri hiyo inapatikana wapi? Jawabu fupi ni kwamba inapatikana katika kitabu cha karakana kilichotolewa na mtengenezaji kwa ajili ya injini ile ile, ya mwaka ule ule. Na jawabu refu ni kwamba kazi kubwa ya kuitafuta hufanywa kabla ya kukifungua kitabu, katika kuijua injini iliyo mbele yako. Malori yetu yamekwisha kubadilishwa injini mara nyingi, na kibati kilichopigiliwa kwenye chesisi hutoa ushahidi juu ya chesisi pekee. Lori lililozaliwa na injini moja hukutwa limebeba ndugu yake, au binamu yake wa mbali, na hata injini yenyewe huwa ina bloku ya mwaka mmoja na silinda hedi ya mwaka mwingine. Namba ya injini hugongwa kwenye bloku, na pamoja nayo kuna namba ya kalibu, iliyoinuka juu ya chuma tangu kilipomiminwa. Zote mbili zatakiwa.

Nitatoa mfano wa injini moja inayojulikana dunia nzima, nayo ni ile V ndogo ya silinda 8 ambayo Chevrolet wa Marekani waliitoa mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi 265, wakaipanua hatua kwa hatua hata mwaka 1967 ikafika inchi 350, na kwa sura hiyo ikatiwa katika pikapu na malori yao kwa muda wa miaka mingi. Ndugu zetu walioko Omani na Ghuba, ambako pikapu za Chevrolet na GMC zimependwa tangu zamani, wanaifahamu vizuri. Mafundi wa Marekani waliokulia juu ya injini hii wanazo kadiri zake moyoni kama mtoto wa chuoni alivyo na juzuu yake: bolti za silinda hedi ratili-futi 65, za vifuniko vya beringi kuu 70, nati za konrodi 45, bolti za manifoldi ya kuingizia hewa 30. Ni kadiri sahihi. Ni sahihi kwa injini ya inchi 350 ya miaka ya 1970, na balaa huanza pale mtu anapozichukua tarakimu hizo nne kuwa ni za jina la injini badala ya kuwa za chuma chenyewe.

Kwanza, itazame injini ya inchi 327, ambayo kwa nje haitofautishiki na ile ya 350. Hadi mwaka 1967 krankshafti yake ilikuwa na shingo nyembamba, na konrodi zake zilifungwa kwa bolti za inchi 11/32, ambazo kadiri yake ni ratili-futi 35. Tangu mwaka 1968 shingo zilinenepeshwa, bolti zikawa za inchi 3/8, na kadiri ikapanda hadi 45. Fundi aliyeshika 45 moyoni, akaipata injini ya mwaka 1966, akaikaza kwa kadiri hiyo, ameiongezea bolti nyembamba zaidi ya robo ya kadiri yake ya haki, katika mahali ambapo kukatika kwa bolti moja humaanisha konrodi kutoboa bloku na kutokea nje.

Pili, na hili ndilo lenye mafunzo zaidi, itazame injini ile ile ya inchi 350 ilivyokuwa mwaka 1996, ilipopewa silinda hedi za namna mpya na jina la Vortec. Bolti ni zile zile 17 kwa kila hedi, na kwa macho ni zile zile. Lakini kitabu hakisemi tena ratili-futi 65. Kinaamuru bolti zote zikazwe kwanza kwa ratili-futi 22, kisha kila moja izungushwe kwa pembe: fupi kwa digrii 55, za kati kwa digrii 65, ndefu kwa digrii 75. Manifoldi ya kuingizia hewa, ambayo zamani ilikuwa na bolti 12 na kadiri ya ratili-futi 30, sasa ina bolti 8 zinazokazwa kwa hatua tatu, ratili-inchi 27, kisha ratili-inchi 106, kisha ratili-futi 11, na hapo kikomo. Ebu mfikirie mtu aliyezoea ile 30 ya zamani, aliyeisikia kwa mwalimu wake naye akaithibitisha kwa mikono yake katika injini nyingi, akiipeleka kwenye bolti zilizopangiwa 11. Manifoldi itapasuka au hesi zitang'oka ndani ya hedi, na mtu huyo ataapa kwamba alifuata kadiri sahihi, na kiapo chake hakitakuwa cha uongo.

Namba za kuzitambua injini hizo zimegongwa kwenye kitako kidogo kilicholainishwa mbele ya bloku, chini tu ya hedi ya upande wa kulia, na namba ya kalibu iko nyuma, karibu na mahali inapofungwa giaboksi. Lipo jambo moja dogo ambalo halina budi kusemwa hapa. Kile kitako kimo katika uso ule ule wa bloku unaokaliwa na hedi, na bloku ikipelekwa kusawazishwa uso kwenye mashine, namba hufutika pamoja na mikwaruzo, na hakuna awezaye kuirudisha. Kwa hiyo kabla ya bloku kupakiwa kwenye mkokoteni kwenda kwa mchongaji, isuguliwe kwa brashi ya waya, namba inakiliwe, na ipigwe picha. Usuli wa kadiri zote umo katika ule mstari mmoja wa herufi na tarakimu.

Kisha kuna jambo la vipimo, ambalo huwasumbua zaidi mafundi wa kwetu kuliko wenzao wa kwingineko, kwa kuwa katika karakana moja ya mtaa wa Gerezani huweza kukutana injini ya Kijapani, ya Kiswidi na ya Kimarekani, kila moja na mizani ya kwao. Vitabu vya zamani vya Isuzu na Fuso huandika kwa kilogramu-mita; vya Marekani huandika kwa ratili-futi, na kwa bolti ndogo hubadilika ghafla vikaandika kwa ratili-inchi; vya siku hizi vya mataifa mengi huandika kwa nyutoni-mita. Ratili-futi moja ni nyutoni-mita 1.356, na kilogramu-mita moja ni nyutoni-mita 9.81, ambazo ni ratili-futi 7.23. Tarakimu 11 ikiwa ni ratili-futi ni kama nyutoni-mita 15, kadiri ya bolti ndogo ya pampu. Ikiwa ni kilogramu-mita ni nyutoni-mita 108, kadiri ya bolti nene ya hedi. Na ratili-inchi ikisomwa kuwa ratili-futi, bolti imezidishiwa mara 12, wala haitasubiri injini iwashwe ndipo ikatike. Ushauri wangu ni kwamba mtu asikokotoe akiwa ameshika spana. Akae mezani kwa mikono safi, azihamishe kadiri zote za injini hiyo kwenye kipimo kimoja kinacholingana na spana yake, azikague mara ya pili na mtu mwingine, na karatasi hiyo ndiyo ipelekwe kwenye injini.

Kitabu chenyewe nacho kinahitaji kusomwa kwa adabu. Jedwali la kadiri huwa nyuma ya sura, nalo huwavuta wenye haraka kwa kuwa lina tarakimu tupu. Lakini masharti ya tarakimu hizo yamo katika maelezo ya kazi, kurasa nyingi kabla yake. Humo ndimo imeandikwa kwamba bolti za hedi za ile Chevrolet hupenya hadi kwenye njia za maji, na kwa hiyo hesi zake sharti zipakwe dawa ya kuzuia maji, na kadiri imewekwa kwa kuzingatia dawa hiyo. Humo ndimo ulipo utaratibu wa kuanza katikati ya hedi na kwenda nje kwa mzunguko, kwa hatua tatu, ili hedi ilale sawasawa na gasketi isibanwe upande mmoja ikapinda upande wa pili. Humo ndimo panapoonywa kwamba tundu la bolti lisilotokea upande wa pili likaushwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa maji au oili iliyobaki ndani haina pa kukimbilia bolti inaposhuka, na chuma cha bloku hupasuka kwa mgandamizo huo kabla gasketi haijabanwa.

Kuhusu kukaza kwa pembe, nimewasikia watu wazima katika kazi hii wakisema ni uzushi wa viwanda wa kuuzia bolti mpya. Kwa heshima zote, sivyo. Tumekwisha kuona kwamba sehemu 9 katika 10 za toki huliwa na msuguano, na msuguano haueleweki. Lakini hatua ya hesi ni kitu cha yakini, na bolti ya hatua ya milimita 1.75 ikizungushwa robo mzunguko haina ila kusogea milimita 0.44, iwe kavu au iwe na mafuta. Kwa hiyo mtengenezaji hutumia toki ndogo ya mwanzo kuvikutanisha vyuma, hapo ambapo kosa la msuguano bado ni dogo, kisha huukabidhi mvuto wote uliobaki kwa pembe. Baadhi ya bolti za namna hii huvutwa kwa makusudi hadi mahali ambapo chuma hukubali kurefuka kisirudi tena chote, na kwa ajili hiyo kitabu huamuru zitupwe zikishafunguliwa, au zipimwe urefu na kulinganishwa na kikomo kilichotajwa. Kuzirudisha bila kupima ili kuokoa pesa ni israfu iliyojificha ndani ya ubahili.

Na kama kitabu hakipatikani? Hali hii ni ya kawaida kwetu kuliko ile ya kupatikana, na haifai kuifanyia dharau. Zipo njia kadhaa za halali kabla mtu hajaingia kwenye kukisia. Wakala wa mtengenezaji huwa navyo vitabu, na mara nyingi huwa tayari kutoa nakala ya ukurasa mmoja kwa mteja anayekuja kununua gasketi na mwenye namba kamili ya injini. Aendaye na neno "Fuso" peke yake hurudi mikono mitupu, na si haki kumlaumu wakala. Njia nyingine iko karibu zaidi, nayo hupotezwa kila siku mbele ya macho yetu: watengenezaji wengi wa gasketi za hedi hutia ndani ya pakiti karatasi nyembamba yenye mchoro wa mpangilio wa bolti, hatua za kukaza, na kadiri. Nimewahi kumwona kijana mwanagenzi akiichana pakiti ya namna hiyo, akaitoa gasketi kwa uangalifu wote, karatasi akaipangusia mikono, na mzee wa karakana akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo uliyojifutia ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta tangu juzi." Waliitandaza juani, ikasomeka.

Vichwa vya bolti navyo vina habari. Tarakimu 8.8 au 10.9 hazikugongwa pale kwa urembo: ile ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuikata bolti kwa nyutoni juu ya kila milimita ya mraba, na ile ya pili inasema ni sehemu ngapi katika 10 za nguvu hiyo ambazo bolti huzistahimili kabla ya kupotewa na umbo. Bolti za vipimo vya inchi za Marekani huwa na mistari badala ya tarakimu, mistari mitatu kwa daraja la 5 na mistari sita kwa daraja la 8. Kwa daraja na unene, jedwali la jumla humpatia fundi kadiri ya kutosha kwa mikono ya altaneta, kwa pampu ya maji, kwa kifuniko cha gia za mbele, na kwa kila bolti iliyoshika chuma juu ya chuma bila ya kubeba uhai wa injini. Lakini kwa silinda hedi, konrodi, beringi kuu na flaiwili, jedwali la jumla halina ruhusa. Halijui gasketi ni ya aina gani, halijui kama hesi ya ndani imo katika chuma cha kalibu au katika aluminiamu ambayo hung'oka kabla bolti haijatimiza mvuto wake, wala halijui kama bolti ya konrodi ilipangwa irefuke elfu tano au elfu sita za inchi, ambayo kwa konrodi ni kipimo cha haki kuliko toki yenyewe, kikichukuliwa kwa maikromita ncha kwa ncha kabla na baada ya kukaza. Kwa sehemu hizo nne, injini na ingoje kitabu, hata ikiwa mwenye lori anapiga simu kila asubuhi.

Liko pia suala la mkono wa fundi mkuu, ambaye amekaza bolti maisha yake yote bila spana ya toki na injini zake zinatembea. Simdharau, wala simruhusu mtu amdharau mbele yangu, kwa kuwa mkono uliozoea huhisi mambo ambayo spana haihisi: huhisi hesi yenye takataka, huhisi bolti inayoanza kunyooka kama risasi ya kuchomelea, na humfanya aache kuizungusha kabla ya balaa. Ila mkono huo ulifundishwa na injini za zama fulani, na kumbukumbu yake ni ya bolti hizo. Haukujua digrii 55, na hauna sababu ya kuzijua. Mzee mwenye mkono wa namna hiyo akiongezewa kitabu hapungukiwi na chochote, na karakana iliyo na vyote viwili ina bahati kubwa.

Spana ya toki yenyewe ni shahidi, na shahidi huulizwa uadilifu wake. Nyingi za zile zinazopiga mlio huahidi usahihi wa asilimia 4 juu au chini zikiwa mpya, na ahadi hiyo hudhoofika spana ikilazwa usiku kucha springi yake ikiwa imebanwa, au ikitumiwa kulegezea bolti zilizoshika kutu. Irudishwe kwenye tarakimu yake ya chini kila baada ya kazi. Pasipo mahali pa kuipimisha, kichwa chake na kibanwe kwenye jiliwa, mpini ukiwa umelala, kisha ning'iniza uzito wa kilo 20 uliopimwa dukani, mahali palipo nusu mita kutoka katikati ya kichwa: hapo pana nyutoni-mita 98, ukiacha uzito mdogo wa mpini wenyewe, na spana iliyowekwa hapo ikakaa kimya hadi 115 imekwisha kujieleza. Wakati wa kukaza, ivutwe taratibu kwa mvuto mmoja, isipigwe wala kushtuliwa, na mlio ukisikika mkono usimame.

Injini ikishafungwa, ikawashwa, ikapata moto na kupoa, hubaki neno moja ambalo vitabu havikubaliani juu yake, kila kimoja kikiwa na haki juu ya injini yake. Gasketi nyingi za zamani hulala kidogo baada ya joto la kwanza, mbano ukapungua, na kwa hiyo vitabu vya injini hizo huamuru hedi ikazwe tena. Baadhi yake husema kila bolti ilegezwe kwanza kidogo, kwa zamu yake, kisha irudishwe kwenye kadiri, kwa sababu bolti iliyotulia hugoma kuanza kuzunguka, na spana hupiga mlio ilhali mvuto haujatimia. Kwa bolti zilizokazwa kwa pembe, aghalabu jambo hilo limekatazwa kabisa, maana zimekwisha kufikishwa mahali pake na nyongeza yoyote huzipeleka mbele ya hapo. Ukurasa ule ule uliotumika asubuhi kufungia hedi na ufunguliwe tena jioni, usomwe ule mstari unaosema kama kuna kukaza kwa pili au hakuna, jibu liandikwe chini ya namba ya injini katika daftari la karakana, kisha tapeti kava zirudishwe mahali pake, nazo zikazwe kwa ratili-inchi.